Jinsi Kompyuta Zinavyojuana na Jirani Zao

Mji wetu wa Nzega ni njia panda. Atokaye kusini anatoka Tabora, atokaye mashariki anatoka Igunga na Singida, na aendaye kaskazini anakwenda Shinyanga hata Mwanza. Mahali pa namna hii wageni hawakosekani, na kwa sababu hiyo wazee wetu wa Kinyamwezi hawana haraka katika salamu. Ukisema "mwangaluka" asubuhi, mambo hayajaisha. Utaulizwa unatoka wapi, u mtoto wa nani, na unakwenda kwa nani. Baada ya hayo ndipo utakapoonyeshwa njia. Nataka kuwaeleza kwamba hata kompyuta zilizomo katika shule yetu zina desturi ya namna hiyo, na kwamba mwezi wa pili wa mwaka huu desturi hiyo ilituokoa sisi wanafunzi wa Kidato cha Nne katika jambo kubwa.

Nimewasikia watu wengi, hata wazazi waliokuja kututembelea, wakisema kwamba kompyuta zikiisha kuunganishwa kwa waya basi zinajuana zenyewe. Sivyo. Waya ni njia tu. Barabara itokayo Tabora haijui nani anakaa Nzega na nani anakaa Ziba. Anayejua ni yule aliyeuliza akajibiwa, au aliyesikia mtu akijitaja.

Kwanza hapana budi tufahamu ya kuwa kila kifaa kilichomo katika mtandao kina majina mawili. Jina la kwanza ni la kuzaliwa, nalo hupewa kiwandani. Ni tarakimu na herufi kumi na mbili, zilizopangwa mbilimbili katika makundi sita. Makundi matatu ya mwanzo ni kama ukoo, maana yanaonyesha kiwanda kilichotengeneza kifaa hicho, na viwanda hupewa makundi hayo na chama cha wahandisi kiitwacho IEEE ili visigongane. Makundi matatu ya mwisho huchaguliwa na kiwanda chenyewe. Jina la pili ni nambari ya mtandao, mathalani 192.168.1.20. Hii ni kama nambari ya kitanda bwenini. Mwanafunzi akihamishwa bweni nambari yake hubadilika, lakini jina alilopewa na wazazi wake haliguswi.

Sasa tuseme kompyuta yangu inataka kupeleka barua kwenye printa iliyo na nambari 192.168.1.20. Nambari inaijua, lakini wayani nambari hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa barua hupokewa kwa jina la kiwandani. Kuuliza si ujinga. Basi kompyuta hupaza sauti kwa wote waliomo katika mtandao ule: "Nani mwenye 192.168.1.20? Anijibu mimi mwenye 192.168.1.15." Wote husikia. Wasiohusika hunyamaza, na mwenye nambari hujibu: "Ni mimi, na jina langu ni hili." Kompyuta huliandika jina hilo katika daftari lake, ikalikumbuka kwa muda mfupi, kisha ikalisahau na kuuliza tena pale inapolihitaji. Inasahau kwa makusudi, kwa sababu kifaa chaweza kuondolewa au kubadilishwa wakati wo wote.

Utaratibu huu wa kuuliza huitwa ARP, nao uliandikwa na David Plummer mwezi wa Novemba mwaka 1982. Una umri mkubwa kuliko walimu wetu wengi, na bado unafanya kazi kila siku. Katika mitandao inayotumia nambari ndefu za aina mpya, ziitwazo IPv6, kompyuta haipazi sauti kwa watu wote. Huuliza kikundi kidogo tu ambacho mwenye nambari hiyo yumo ndani yake. Huu ni ustaarabu zaidi, kama vile kugonga mlango wa chumba kimoja badala ya kuliamsha bweni zima.

Iko njia ya pili, nayo ni ya kujitangaza bila ya kuulizwa. Hii nadhani watu wa mkoa wetu wataielewa upesi. Zamani misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji haikuingia mjini kimya kimya. Kirangozi alikuwa mbele na bendera, ngoma zililia, na walipokaribia mji walipiga bunduki hewani ili wenyeji wajue nani anakuja. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, mwaka 1857, njia hiyo ilikuwa na desturi zake tayari. Aliyefika bila ya kujitangaza aliweza kudhaniwa kuwa adui.

Vifaa vya mtandao hufanya vivyo hivyo. Katika mwaka 1994 kampuni ya Cisco ilivipa vifaa vyake desturi ya kujitangaza kwa jirani, lakini desturi ile ilikuwa ya ukoo mmoja. Mwaka 2005 chama cha IEEE kikatoa kanuni ya watu wote, iitwayo LLDP, ili vifaa vya viwanda mbalimbali viweze kusalimiana. Kwa kawaida kila baada ya sekunde 30 kifaa hutoa tangazo katika kila tundu lake la waya, kikitaja jina lake, tundu hilo ni la ngapi, na aghalabu kazi kinazoweza kuzifanya. Jirani hulihifadhi tangazo hilo kwa sekunde 120. Zikipita bila ya kusikia tangazo jingine, hulifuta, maana huenda jirani amehama au amezimika.

Jambo la kuangalia sana ni hili: tangazo hilo haliendi mbali. Kifaa kinachofuata kanuni hii hulipokea wala hakilipitishi mbele. Kwa hiyo kila kifaa humjua jirani yake wa karibu tu, yule aliye upande wa pili wa waya. Lakini anayekwenda kwa kila kifaa na kuuliza, "Jirani zako ni akina nani?", kisha akaunganisha majibu, ataweza kuchora ramani ya mtandao mzima. Ndivyo na mpagazi alivyokwenda: aliulizia kijiji cha mbele chenye maji, na huko akaulizia cha mbele tena, mpaka akafika Ujiji.

Sasa nitawaeleza yaliyotupata. Mwezi wa pili ulikuwa wakati wa kupeleka majina ya watahiniwa wa Kidato cha Nne kwenye Baraza la Mitihani, na siku hizi majina hupelekwa kwa mtandao. Tulikuwa watahiniwa 114, na jina langu lilikuwamo. Mwanafunzi ambaye jina lake halikufika, hata akisoma usiku na mchana, hana nambari ya kukalia mtihani. Siku ya mwisho iliyowekwa kwetu ilikuwa Ijumaa. Jumanne asubuhi mtandao wa shule ukaanza vituko.

Haukufa kabisa, ungekufa ingekuwa rahisi. Kompyuta hii yafungua, ile ya pembeni yake haifungui. Baada ya muda mambo yageuka, iliyokuwa nzima yakwama na iliyokwama yapona. Katibu wa shule aliweza kuandika majina matatu au manne, kisha kila kitu kikasimama na kazi ikapotea. Alijaribu kutumia simu ya mkononi, lakini mvua zilikuwa nyingi wiki ile na mawasiliano ya simu yalikuwa dhaifu mno kwa kazi kubwa kama hiyo. Kufikia Jumatano jioni majina 19 tu ndiyo yaliyokwisha kuingia. Wenzangu walianza kunong'ona, na mmoja wao, ambaye baba yake aliuza ng'ombe ili apate kusoma, hakula chakula cha usiku.

Mwalimu wetu wa kompyuta alituchagua wanafunzi wanne tumsaidie. Alikwisha kuipima ruta, yaani kile kifaa ambacho ni mlango mkuu wa kutokea nje, akaikuta nzima. Tatizo lilikuwa humu humu ndani.

Nikamwambia, "Shikamoo, Mwalimu. Pengine waya umekatika."

"Marahaba," akajibu. "Lakini waya uliokatika hauchagui mtu. Huu unamkatalia mmoja na kumkubali mwingine. Hebu tuziulize kompyuta zenyewe zinamjua nani."

Alikaa mbele ya kompyuta iliyokuwa nzima akaandika arp -a, amri ambayo hufungua lile daftari la majirani. Mlango mkuu wetu ulikuwa na nambari 192.168.1.1, na mbele ya nambari hiyo palikuwa na jina la kiwandani. Akaniambia niliandike katika karatasi. Kisha akahamia kompyuta iliyokwama akaandika amri ile ile. Nambari ilikuwa ile ile 192.168.1.1, lakini jina lilikuwa jingine kabisa.

"Mmeona?" akauliza. "Wawili wanaitikia kwa nambari moja. Kompyuta inayojibiwa na mwenyeji inafika nje. Inayojibiwa na mgeni inapeleka barua zake mahali pasipo na njia."

Ndipo tulipofahamu kwa nini mambo yalikuwa yakigeuka geuka. Kila kompyuta iliposahau na kuuliza upya, jibu lililoshika safari hii halikuwa lazima liwe lile la safari iliyopita.

Mwalimu akatazama makundi matatu ya mwanzo ya jina lile geni, akayatafuta katika orodha ya IEEE kwa simu yake. Akakuta ni ya kiwanda kinachotengeneza vile vifaa vidogo vya waifai vya nyumbani. Vingi vya vifaa hivyo hutoka kiwandani vikiwa na nambari 192.168.1.1, ile ile ya mlango wetu. Sasa tulijua tunatafuta kitu cha namna gani, lakini hatukujua kiko wapi. Nyaya za shule yetu zinapita darini na chini ya ardhi kwenda jengo la utawala na maktaba, na mchoro wake haukuwapo.

Shule ina swichi tatu. Swichi ni kisanduku chenye matundu mengi ya waya, nayo hukumbuka kila jina limeingia kwa tundu lipi. Tuliiuliza swichi ya chumba cha kompyuta, ikasema kwamba jina lile geni linatokea tundu la 24. Je, tundu la 24 linakwenda wapi? Mwalimu akaziamsha swichi zote zijitangaze kwa LLDP, maana desturi hiyo ilikuwa imezimwa. Tukangoja kwa dakika moja hivi, tukafungua orodha ya majirani. Swichi yetu ilisema ina jirani wawili. Wa kwanza anaitwa Switch. Wa pili anaitwa Switch. Na yenyewe jina lake ni Switch. Tulicheka ingawa tulikuwa na hofu. Zilitoka kiwandani na jina hilo moja, wala hapana mtu aliyewahi kuzibadilisha.

Lakini tangazo huchukua pia jina la kiwandani, na jina hilo limebandikwa chini ya kila kisanduku. Nilipewa karatasi na kurunzi, nikaenda mbio mvuani mpaka maktaba. Halikuwa lenyewe. Nikaenda jengo la utawala, nikapanda kiti, nikasoma kikaratasi kilichobandikwa chini ya swichi, herufi moja moja. Lilikuwa lenyewe. Kwa hiyo tundu letu la 24 lilikuwa linakwenda utawala, katika tundu la kwanza la swichi ya huko.

Mwalimu akaja na kuiuliza swichi ile. Jina geni lilikuwa linaingia kwa tundu la 11, na katika tundu hilo hapakuwa na jirani aliyejitangaza. Ukimya huo nao ulikuwa habari. Vifaa vidogo vya nyumbani aghalabu havina desturi ya LLDP. Tukaufuata waya wa tundu la 11 kwa mkono, ukapanda darini, ukateremka katika ghala la vitabu. Huko, juu ya rafu, nyuma ya vitabu vya Jiografia, palikuwa na kifaa kidogo cheusi chenye pembe mbili, taa yake ikipepesa.

Kilikuwa kimewekwa hapo ili chumba cha jirani kipate waifai, na aliyekiweka alikuwa na nia njema. Ila waya ulichomekwa katika tundu la kuunganisha kompyuta za ndani, si lile la kupokea kutoka nje, kwa hiyo kikajiona kuwa mlango mkuu wa shule nzima. Mwalimu akauchomoa waya. Baada ya dakika chache kompyuta zote zilikuwa zimelisahau jina lile, zikauliza upya, na safari hii akajibu mmoja tu.

Hiyo ilikuwa Alhamisi saa tisa alasiri. Katibu na walimu wawili waliandika majina mpaka saa nne ya usiku. Ijumaa kabla ya adhuhuri majina 114 yote yalikuwa yamefika na kuthibitishwa. Yule mwenzetu wa ng'ombe alipoonyeshwa jina lake katika orodha hakusema neno. Alilisoma mara mbili, akakaa kitako.

Katika jambo hili nimejifunza mengi, nami nitataja matatu.

La kwanza, jina lisilotofautisha si jina. Swichi tatu zenye jina moja zilinifanya nikimbie mvuani na kurunzi. Sasa zinaitwa KOMPYUTA, UTAWALA na MAKTABA, kila tundu limeandikwa linakokwenda, na ramani tuliyoichora imebandikwa ukutani. Mlango mkuu nao umepewa nambari nyingine isiyo ya kawaida, ili kifaa cha nyumbani kisigongane nao tena.

La pili, majirani hawa huaminiana mno. Anayejibu, "Ni mimi," hatakiwi kuonyesha cheti. Mwaka 1982 mitandao ilikuwa midogo na watu wake walijuana. Leo mtu mbaya aweza kujidai kwa makusudi kuwa mlango mkuu ili barua za wengine zipite mkononi mwake. Ndiyo sababu katika ofisi kubwa swichi huagizwa kulinganisha kila jibu na daftari la nambari zilizotolewa, na jibu lisilolingana hutupwa. Ndiyo sababu pia yafaa kutuma mambo ya siri, kama vile ya fedha, katika tovuti zinazofunga barua kwa lakiri, zile ambazo anwani zake huanza kwa https. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hata katika ufupi wake aweza kuiba.

La tatu, hata jina la kiwandani si ushahidi kamili wa nani ni nani, maana laweza kubadilishwa. Pengine hubadilishwa kwa sababu nzuri. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu nyingi hujipa jina la kubuni zinapoingia katika waifai, ili mwenye simu asifuatiliwe kutoka mahali mpaka mahali. Hata LLDP hufaa kuzimwa katika matundu wanayotumia wageni, maana si kila apitaye njiani anastahili kuambiwa mna nini nyumbani.

Kwa wenzangu wanaotaka kujionea, waende chumba cha kompyuta kwa ruhusa ya Mwalimu, waandike arp -a, nao wataona orodha ya wale ambao kompyuta yao imezungumza nao karibuni. Wachague jina moja, watazame makundi matatu ya mwanzo, watafute ni la kiwanda gani. Na kwa ye yote, awe mwanafunzi, mwalimu au mzazi, mwenye kifaa anachotaka kukiunganisha na mtandao wa shule, namwomba akilete kwanza kwa Mwalimu kiandikwe katika daftari na kipewe nambari yake. Kazi hiyo haichukui dakika kumi, na usajili wa Kidato cha Pili utafuata.